Barua ya wazi kwa wakubwa wa nyuki, wakubwa wa sumu na wakubwa wa miti

Waheshimiwa, shikamooni wote.

Barua hii nawaandikia watatu kwa mpigo kwa sababu nikiandika kwa mmoja mmoja naujua mwisho wake, wa Maliasili ataniambia mambo ya sumu nenda Kilimo, wa Kilimo ataniambia nyuki sio wake rudi Maliasili, na wa TAMISEMI, yule wa serikali za mitaa, atanishusha halmashauri ambako nitaambiwa mama acha namba tutakupigia. Kwa hiyo someni wote, mmoja ashike simu wengine wachungulie.

YAH: NAOZESHA MABOGA KWA MKONO

Ndiyo, mmesoma vizuri. Mimi ni mama mtu mzima, nina kibustani nyuma ya nyumba huku chini ya milima ya Uluguru, hatua kama ishirini kwa kumi na mbili, nimepanda maboga, matango, bamia, nyanya kidogo, pasheni imetambaa kwenye uzio, na mchicha ambao majirani wanachuma bila hodi. Zamani boga nilikuwa silipandi hata kwa akili, unatupa mbegu jalalani linaota lenyewe, siku ukija kushtuka kuna maboga manne makubwa, unagawa mpaka kwa watu usiowapenda. Sasa misimu hii ya karibuni mmea unanenepa vizuri, majani mapana kama ungo, maua ya njano kibao, kiboga kinatokea cha ukubwa wa ndimu halafu siku ya tatu ya nne kinapauka, kinalainika, kinadondoka. Nikasema ni mbolea, nikaongeza samadi, yakazidi majani. Nikasema ni maji, nikamwagilia asubuhi na jioni, hola. Jirani mmoja akanishauri nikaangalie kwa mtaalamu mwingine, sio wa kilimo, mnanielewa. Tukawa tunakula msusa tu, leo msusa wa nazi kesho msusa wa karanga, mpaka mjukuu akauliza bibi hili boga mbona linazaa majani.

Ni kijana mmoja anayesoma kilimo ndio alinifumbua macho. Akaniambia mama usiangalie mmea, angalia nani anakuja kwenye ua. Basi siku moja nikatoka na kigoda changu na chai ya rangi, nikakaa tangu saa kumi na mbili na robo asubuhi mpaka saa nne na nusu. Nilikuwa na maua saba yaliyofunguka. Walikuja sisimizi, wakaja vimende vidogo, akaja kipepeo mmoja ambaye naona alipotea njia. Nyuki walikuja wawili. Wawili jamani, asubuhi nzima, na mmoja hata kutua hakutua.

Kwa wale ambao hamjawahi kukaa na boga (najua mna kazi nyingi) niwaeleze kidogo linavyofanya kazi. Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Dume lina kikonyo kirefu chembamba na katikati lina kijiti chenye unga wa njano, wataalamu wanaita chavua. Jike linakaa chini kidogo na nyuma yake lina kiboga kichanga tayari, kinasubiri tu. Ule unga ni mzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba, lazima aje mtu aubebe kutoka kwa dume aupeleke kwa jike, na huyo mtu ni nyuki, na aje zaidi ya mara moja maana safari moja haitoshi. Halafu kuna saa: ua linafunguka alfajiri, jua likishakuwa kali saa nne saa tano linajikunja, limekwisha, halifunguki tena. Yaani boga zima, lile unalokuja kulibeba kwa mikono miwili, linategemea kama masaa matano ya asubuhi moja. Asipokuja mgeni ndani ya masaa hayo basi. Akija mara chache tunda linatoka limepinda, ndio hayo matango mnayoyaona sokoni upande mmoja mnene upande wa pili kama mkia wa panya, mnadhani ni mbegu mbovu.

Sasa mimi ndio nyuki. Naamka, naswali, nafunga kanga vizuri, nachuma ua dume, nalichambua majani yake ya njano kinabaki kile kijiti, nainama nalipaka jike katikati taratibu pande zote. Mzee wangu akipita anauliza leo unaozesha wangapi. Namwambia wawili, mahari utalipa wewe. Msimu uliopita nikapata maboga sita, na mgongo nao nikaupata.

Najua mtasema mama huyu ana maboga matano sita anataka kutusumbua. Subirini.

Kuna ile habari inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nyuki wakiisha binadamu tunabaki na miaka minne, wanamsingizia Einstein wa watu. Mimi sitawadanganya hivyo. Mahindi yanachavushwa na upepo, mpunga vilevile hauna shida na nyuki, muhogo tunapanda vijiti, ndizi haihitaji mtu. Ugali utakuwepo. Kitakachokosekana ni kitoweo na tunda: boga, tango, tikiti, pasheni, parachichi. Na mafuta, maana alizeti nayo inamtaka nyuki ili kichwa kijae punje, na nyie wenyewe ndio mmekuwa mkiwahimiza watu wa Singida na Dodoma walime alizeti tuache kuagiza mafuta ya kula nje. Mwaka 2016 lile jopo la wanasayansi wa dunia wanaoshughulika na bioanuwai walisema robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani yanategemea kwa kiasi fulani hawa wachavushaji. Kwa tajiri hiyo ni habari, ananunua vitamini dukani. Kwa mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba ndio sahani yake hiyo.

Na hapa niseme jambo ambalo naona mnalisahau kabisa, nyuki kwenu maana yake asali. Kila tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, tunaona tisheti, mabanda, chupa za asali zimepangwa vizuri, hotuba kwamba Tanzania ni ya pili Afrika kwa asali baada ya Ethiopia. Hongereni, sio utani, asali ya Tabora naipenda na ninayo kabatini. Lakini nyuki wa mzinga ni mmoja tu katika ukoo. Dunia ina aina zaidi ya elfu 20 za nyuki, wengi wao hawana mzinga wala malkia wala asali ya kukamua, anaishi peke yake kama mpangaji wa chumba kimoja, wengine kwenye udongo mtupu, wengine kwenye vijiti vilivyooza. Kuna wale nyuki wadogo wasiouma, wanakaa kwenye ufa wa ukuta na kimlango chao cha nta kama mrija. Kuna lile dude kubwa jeusi linalovuma kama bodaboda imeharibika eksozi, linatoboa mbao za kenchi, sisi tunaziba tundu lake kwa oili chafu, kumbe ndilo linalozalisha pasheni! Ua la pasheni ni pana, nyuki wa kawaida anapita chini anaiba unga wake anaondoka bila kugusa panapotakiwa, yule mweusi mgongo wake ndio unafika. Mimi nimeziba matundu yake miaka mingapi sijui, halafu nalalamika pasheni haizai.

Hao hawamo kwenye hotuba. Hawana asali, hawana mtu wa kuwasemea.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, na hili naungama. Miaka kama minne iliyopita mtaani kwetu (siutaji, wengine waliohusika ni wakwe zangu) kulikuwa na muembe mkubwa wa zamani wenye pango, na ndani ya pango nyuki walikaa miaka na miaka, watu tunapita chini tunasalimiana. Siku moja mtoto akarusha jiwe. Nyuki wakatoka, waliuma watu vibaya, bibi mmoja akalazwa siku mbili, mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa pale wakafa. Sikatai, nyuki wetu wa Afrika ni wakali na wanaua, na mimi siku ile nilijifungia chumbani na shuka kichwani. Wakatafuta nani apigiwe simu, hakuna anayejua namba. Ya moto tunaijua, 114, ya nyuki ni ipi? Basi jioni ikachangishwa hela, elfu moja kila nyumba, vijana wakanunua petroli wakaja na matairi mabovu. Usiku wakawasha. Asubuhi pale chini unatembea unasikia chakarachakara kama unakanyaga maganda ya karanga, maelfu na maelfu, na masega yameyeyuka yamechuruzika kwenye shina, watoto wanalamba asali yenye majivu. Muembe ulikauka ubavu mmoja, mwaka uliofuata ukaangushwa wote.

Elfu moja yangu ilikuwemo. Na nikipiga hesabu, msimu uliofuata ndio maboga yalianza kudondoka. Sisemi ni kwa sababu ya muembe ule peke yake, nyuki anaruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula na sio mtaa wetu tu unaochoma, dari zinachomwa, mashina yanachomwa, msituni nako warina asali wanatumia moto mpaka pori linaungua. Lakini kundi moja lile lilikuwa na wafanyakazi maelfu waliokuwa wanapita kwenye bustani zetu zote bure, bila mshahara, sisi tukalipa ili wafe.

Wakati kumbe inawezekana kabisa kuwahamisha. Watu wanakuja jioni na mavazi yao na bomba la moshi, wanatoa masega taratibu, wanatafuta malkia, kundi linaingia kwenye mzinga linapelekwa kwenye msitu wa hifadhi au shambani kwa anayewataka. Chuo cha ufugaji nyuki kipo Tabora kinafundisha watu. Maafisa nyuki wapo kwenye halmashauri nyingi. Sasa kwa nini mimi raia nikiona nyuki darini mtu wa kwanza ninayemfikiria ni kijana mwenye petroli? Wekeni namba. Moja, fupi, ya bure, ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa na zahanati, na akipigiwa mtu aje na sio aseme gari halina mafuta. Vijana wa Tabora wapeni hiyo kazi, wavishwe vizuri, wenye nyumba tutachangia ile ile elfu moja tuliyochangia petroli.

Hilo ni la Maliasili. Wa Kilimo msicheke, sasa ni zamu yenu.

Mwaka 2014 aliingia nchini yule mdudu wa nyanya, kanitangaze, na kweli jina lake limemfaa maana alitangaza umaskini kwa wakulima wengi. Tangu hapo huku kwetu watu hawapulizi dawa tena, wanaoga nayo. Nawaona mashamba ya bondeni kijana ana bomba lake mgongoni, kachanganya dawa mbili tatu humohumo, kipimo ni kifuniko cha chupa, anapiga saa mbili asubuhi na upepo unapeleka wingu kwenye maboga ya jirani ambayo muda huo ndio yamefunguka na nyuki yuko ndani. Simlaumu, ana mkopo. Lakini nani kamfundisha saa?

Mimi mwenyewe niliwahi kwenda duka moja la pembejeo nikauziwa dawa imemiminwa kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, haina lebo, haina jina, inanuka tu. Nikauliza hii inapigwa saa ngapi. Muuzaji akanijibu saa yoyote mama, wadudu hawana saa. Nikarudi nayo nyumbani nikaiweka juu ya kabati nikiogopa wajukuu wataidhania maji.

Nyuki ana saa. Jioni jua likizama anarudi kwao, na ua la boga limeshajikunja tangu mchana. Ukipiga dawa wakati huo ikakauka usiku, yenye kuua kwa kugusa inapungua makali mpaka asubuhi, haiishi yote lakini inasaidia sana. Hiyo haihitaji bajeti ya mabilioni, ni sentensi moja ya Kiswahili kwenye lebo, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kuzisoma bila miwani: USIPULIZE MAUA YAKIWA WAZI, PIGA JIONI. Na kuna hizi nyingine ambazo hata jioni haisaidii kwa sababu mmea unainyonya, inapanda mpaka kwenye ua, inakuwemo kwenye chavua na kwenye ule utamu anaokuja kunyonya. Imidaklopridi ni mojawapo, huku kwetu unaipata duka la kawaida. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 uliipiga marufuku pamoja na wenzake wawili, klothianidini na thiamethoksamu, isitumike mashambani nje, ibaki kwenye nyumba za vioo zilizofungwa, na sababu ilikuwa nyuki. Sasa mimi nauliza kwa adabu tu, nyuki wa kule ana roho na wa kwetu ana betri? Mna sheria ya afya ya mimea ya 2020, mna mamlaka nzima ya viuatilifu Arusha, TPHPA, mna wataalamu. Tuelezeni wananchi kwa Kiswahili hii ya kupanda mpaka kwenye ua inaruhusiwa kwenye zao gani na kwa masharti gani. Na hizo chupa za maji zisizo na lebo zikamatwe, hiyo hata haihitaji mtaalamu, mgambo anatosha.

Halmashauri zote nchini, nanyi sijawasahau. Kila barabara ikipanuliwa inaanguka miembe, mizambarau na mikwaju, halafu mnapanda ukoka na ashoki zimenyooka kama askari wa gwaride, zinapendeza kwenye picha. Mzambarau ukichanua unausikia kabla hujauona, mti mzima unavuma. Pandeni hata mmoja kati ya ashoki kumi, si mnajua kuhesabu. Na kingo za mitaro acheni kupiga dawa ya magugu, kile kishona nguo mnachokiona uchafu ndio mgahawa wa nyuki wakati wa kiangazi ambapo bustanini hakuna ua lolote. Fyekeni, sawa, nyoka nao tunawaogopa, ila fyekeni upande mmoja wiki hii na mwingine baada ya mwezi. Na sisi wenye nyumba tumezidi, uwanja mzima mtu anamwaga pevingi mpaka ukutani hadi udongo wa kuchimba kaburi la paka hakuna, hao nyuki wanaoishi ardhini watapanga wapi.

Kinachoniuma hasa ni kwamba kila mmoja wenu ana karatasi zake nzuri. Sera ya nyuki ipo tangu 1998, sheria ya ufugaji nyuki ipo tangu 2002. Ukizisoma (kijana wangu alinisomea kwenye simu mpaka bando likaisha) unaona watu walifikiri. Ila nyuki amewekwa wizara hii, sumu inayomuua iko wizara ile, na mti anaokaa uko kwa mwingine, na wote watatu mnakutana sehemu moja tu, ndani ya ua langu la boga saa mbili asubuhi, na hapo hakuna hata mmoja wenu aliyepo. Anayesajili dawa mpya, je, mtu wa nyuki anakuwepo mezani? Anayekata muembe wenye nyuki anampigia nani kwanza? Na nyuki wa mjini nani anawahesabu? Ng'ombe wanavalishwa hereni, sisi tulihesabiwa 2022 mpaka idadi ya madirisha, nyuki tunajua kilo za asali tu.

Kwa hiyo ombi langu ni mkae meza moja, nyie watatu. Sio semina ya hoteli ya siku tatu na bahasha. Nusu siku inatosha, mtoke na namba ya simu, sentensi ya lebo, na orodha ya miti. Ikiwapendeza mje mkae hapa kwangu, viti vya plastiki ninavyo vinane na vya jirani nitaazima, msusa upo wa kutosha kama mnavyoelewa.

Ila mkija msije na ule muda wenu wa saa nne kumbe saa saba. Jumamosi hii nina majike matatu yatafunguka, nimeyafunga uzi mwekundu nisiyapoteze. Fikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne na nusu yatakuwa yameshajikunja. Geti ni la bluu, gongeni kwa nguvu, mbwa nitamfunga.

Wenu,
Mama mwenye maboga, chini ya Uluguru